Mmelingana pointi na mbuzi ni mmoja: namna ya kuvunja sare kwenye mashindano ya kijiweni

Mavuno yakishaingia ghalani na watu wakapata nafasi kidogo, mabonanza huanza. Kuna drafti ya vizibo vya soda chini ya mwembe, karata barazani, na bao kwa wazee. Kiingilio ni shilingi elfu moja au mbili, na zawadi ni mbuzi, jogoo au fedha zilizochangwa. Asubuhi kila mtu anacheka. Maneno huanza jioni, daftari linapofungwa na kukuta watu watatu wana pointi sawa, halafu kila mmoja anakumbuka sheria inayompa yeye ushindi.

Swali hili hutufikia sana kwenye kipindi: wakilingana, nani anachukua? Jibu fupi ni kwamba inategemea mlikubaliana nini kabla ya mchezo wa kwanza. Jibu refu lina faida zaidi, maana mara nyingi watu hawakukubaliana chochote, na jua limeshazama.

Sare si bahati mbaya, ni hesabu

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1993 kampuni ya Marekani iitwayo Wizards of the Coast ilitoa mchezo wa karata ulioitwa Magic: The Gathering, uliobuniwa na mwalimu wa hisabati, Richard Garfield. Karata zake si zile za kopa na shupaza. Zinauzwa katika pakiti zilizofungwa, hujui ndani kuna nini, na nyingine ni adimu na za bei kubwa. Marafiki hupenda kukaa wanane mezani, kila mmoja na pakiti tatu. Unafungua moja, unachagua karata moja, zilizobaki unampa jirani yako, naye anachagua moja na kupitisha. Zikiisha mnafungua pakiti nyingine. Mwisho kila mtu anaunda fungu lake la karata 40, kisha wanaanza kupambana.

Wanane hao hucheza raundi tatu kwa mtindo wa Uswisi, ambao ulitumika kwanza kwenye mashindano ya sataranji mjini Zurich mwaka 1895. Hakuna anayetolewa. Raundi ya kwanza mnapangwa kwa kura, na kuanzia ya pili aliyeshinda anakutana na aliyeshinda, aliyefungwa na aliyefungwa. Mtindo huu unafaa sana kijijini, kwa sababu aliyetembea kilomita nane kuja kucheza harudi nyumbani baada ya mchezo mmoja.

Sasa angalia. Watu wanane, raundi tatu, bila sare ya mchezo mmojammoja: lazima mmoja atashinda zote tatu, watatu watashinda mbili, watatu watashinda moja, na mmoja atatoka mikono mitupu. Haiwezi kuwa vingine. Maana yake bingwa anajulikana, lakini nafasi ya pili ina watu watatu hata kabla hamjaanza. Ukitangaza zawadi ya mshindi wa pili bila kusema sare itavunjwaje, umeshaandaa ugomvi asubuhi na mapema.

Kwa wachezaji wa zile karata za Marekani ugomvi huwa mkali zaidi kwa sababu ya desturi moja: baadhi ya vikundi, mchezo ukiisha, humwaga mezani karata zote adimu zilizopatikana, na watu wanachagua kwa zamu kufuata nafasi walizomaliza. Wa kwanza anachukua iliyo bora, wa pili inayofuata. Hapo kuwa wa pili au wa nne si heshima tu, ni mali. Na karata huwezi kuikata katikati, kama vile huwezi kumkata mbuzi akiwa hai.

Mfano wa wanyama wanane

Tufanye hesabu kwa mfano wa drafti. Wachezaji wetu ni Simba, Chui, Nyati, Twiga, Swala, Pofu, Ngiri na Sungura. Wana-Yanga mnisamehe, ni majina ya mbugani tu.

Raundi ya kwanza Simba anamfunga Sungura, Chui anamfunga Ngiri, Nyati anamfunga Pofu na Twiga anamfunga Swala. Raundi ya pili washindi wanakutana: Simba anamfunga Twiga, Chui anamfunga Nyati. Kwa waliofungwa, Swala anamshinda Sungura na Pofu anamshinda Ngiri. Raundi ya tatu Simba anamfunga Chui, Nyati anamfunga Swala, Twiga anamfunga Pofu na Ngiri anamfunga Sungura.

Simba ana ushindi mara tatu, mbuzi ni wake. Chui, Nyati na Twiga wana ushindi mara mbili kila mmoja. Jogoo wa mshindi wa pili aende kwa nani?

Watu wengi husema haraka: "Tuangalie walipokutana wao kwa wao." Ni kigezo kizuri na rahisi kueleza, ila hapa kinakwama. Chui alimfunga Nyati, sawa. Lakini Chui na Twiga hawakukutana kabisa, na Nyati na Twiga pia hawakukutana. Kigezo hiki kina ulemavu wa pili: hata wakiwa wamekutana wote, inawezekana wa kwanza alimfunga wa pili, wa pili akamfunga wa tatu, na wa tatu akamfunga wa kwanza. Mtazunguka mduara hadi usiku.

Kwa hiyo matokeo ya wao kwa wao yatumike pale tu mliolingana ni wawili na mlikutana, au mliolingana mmekutana wote na mmoja amewashinda wenzake wote. Vinginevyo nenda kigezo kinachofuata.

Uzito wa wapinzani

Kigezo kinachofuata wachezaji wa sataranji wamekitumia kwa miaka mingi, na kinaitwa kwa jina la Mjerumani Bruno Buchholz aliyekipendekeza mwaka 1932. Wazo lake ni hili: kama wawili wana ushindi sawa, aliyepambana na watu wagumu zaidi ndiye aliyefanya kazi kubwa zaidi. Unachukua wapinzani wote wa mchezaji, hata wale waliomfunga, unajumlisha ushindi wao.

Chui alicheza na Ngiri mwenye ushindi mmoja, Nyati mwenye mbili na Simba mwenye tatu. Jumla sita. Twiga alicheza na Swala mwenye moja, Simba mwenye tatu na Pofu mwenye moja. Jumla tano. Nyati alicheza na Pofu, Chui na Swala: moja, mbili na moja, jumla nne. Basi Chui ni wa pili, Twiga wa tatu, Nyati wa nne. Kalamu na daftari vimetosha.

Hesabu hii inaendana na akili ya kawaida. Chui alifungwa na bingwa peke yake, tena katika mchezo wa mwisho. Twiga naye alifungwa na bingwa, lakini mapema, akapata njia nyepesi baadaye. Nyati hakukutana na bingwa kabisa.

Sheria rasmi za Magic hufuata wazo hilohilo kwa asilimia. Ushindi wa mchezo una pointi tatu na sare moja. Kwa kila mpinzani wako wanachukua pointi alizopata, wanagawa kwa pointi ambazo angeweza kupata, kisha wanatafuta wastani. Chui wetu angepata karibu asilimia 67, Twiga karibu 56 na Nyati karibu 44. Mpangilio ni uleule. Ila wao wameongeza kinga moja ambayo naipenda: mpinzani yeyote akiwa chini ya theluthi moja anahesabiwa kuwa na asilimia 33. Sababu ni kwamba wapo wanaokata tamaa wakifungwa mara mbili, wakaenda zao. Huyo asikushushe wewe uliyebaki, maana hukumchagua wala hukumfukuza.

Kijijini hali hii ipo sana. Mtu anafungwa raundi ya kwanza, anakumbuka ng'ombe hawajanyweshwa, anaondoka. Mkiwa mnajumlisha ushindi bila asilimia, wekeni kinga rahisi: kila mpinzani ahesabiwe angalau ushindi mmoja kwa raundi tatu. Kwenye mfano wetu, Sungura aliyeambulia patupu angehesabiwa moja. Na kama mko idadi isiyo shufwa, mmoja akapewa ushindi wa bure kwa kukosa mpinzani, raundi hiyo isihesabiwe kwenye uzito wa wapinzani wake. Hapo msitumie jumla, tumieni wastani wa wale aliocheza nao kweli.

Wakiendelea kulingana, angalieni michezo midogo. Kama kila pambano lilikuwa la kutangulia kushinda mara mbili, aliyeshinda mbili bila ana faida juu ya aliyeshinda mbili kwa moja. Kigezo hiki mimi nakiweka nyuma ya uzito wa wapinzani, kwa sababu kinamzawadia mtu aliyebahatika kupangiwa mnyonge.

Waliocheza ngoma isiyo yao

Kama unadhani mambo haya ni ya kijiweni tu, kumbuka Oktoba 8, 2011, mjini Nelspruit. Afrika Kusini walihitaji tiketi ya Kombe la Mataifa ya Afrika la 2012, wakatoka sare ya 0-0 na Sierra Leone. Siku hiyohiyo Niger walifungwa 3-0 na Misri mjini Cairo. Timu tatu, yaani Niger, Afrika Kusini na Sierra Leone, zikamaliza na pointi tisa kila moja. Afrika Kusini walikuwa na tofauti nzuri ya mabao kuliko wenzao. Wakashangilia uwanjani, wakacheza, wakazunguka na mashabiki wao.

Sheria ya CAF haikuanza na tofauti ya mabao. Ilianza na matokeo ya waliolingana wao kwa wao. Katika mechi za watatu hao peke yao, Niger walikuwa na pointi sita, Afrika Kusini tano na Sierra Leone tano. Niger ndio waliofuzu. Chama cha soka cha Afrika Kusini kiliwasilisha malalamiko, kisha kikayaondoa, maana sheria ilikuwa imeandikwa tangu mwanzo. Kinachouma ni kwamba sare ile waliitafuta wenyewe. Dakika za mwisho walikuwa wakilinda 0-0 wakiamini inatosha, kumbe walihitaji bao moja. Kutojua namna sare inavyovunjwa kuliwafanya wacheze mchezo usiofaa.

Mwaka 2018 nchini Urusi, Senegal na Japani walilingana kila kitu: pointi nne, mabao manne ya kufunga, manne ya kufungwa, na walipokutana walitoka 2-2. Kigezo kilichobaki kilikuwa nidhamu. Japani walikuwa na kadi nne za njano, Senegal sita. Senegal wakarudi nyumbani. Iliwauma Waafrika wengi, lakini hakuna aliyeweza kusema sheria ilibuniwa siku hiyo.

Kura nayo haina aibu. Kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika la 2015, Guinea na Mali walitoka 1-1 katika mechi zao zote tatu, ikiwemo waliyocheza wao kwa wao. Januari 29 ilichezeshwa kura mjini Malabo, Guinea wakapita. Na Italia walikuwa mabingwa wa Ulaya mwaka 1968 baada ya kuvuka nusu fainali dhidi ya Muungano wa Kisovieti kwa kurusha sarafu. Mikwaju ya penalti kuamua mechi iliingia kwenye sheria za soka mwaka 1970.

Hamkupanga kitu na usiku umeingia

Hapa ndipo wengi wanaotupigia simu walipo. Mchezo umeisha, hakuna sheria iliyotangazwa, watatu wamelingana na kila mmoja ana washabiki wake.

Kosa kubwa kuliko yote ni mwandaaji kusimama na kutangaza kigezo wakati matokeo yapo mbele ya macho yake. Hata akiwa na nia safi, kila mtu atapiga hesabu papo hapo na kuona kigezo hicho kinambeba nani. Sheria inayochaguliwa baada ya matokeo ni sawa na kuchagua mtu. Inakuwa mbaya zaidi kama mwandaaji ni mmoja wa waliolingana, au ni shemeji yake mmoja wao.

Zipo njia tatu ambazo hazimbebi mtu. Ya kwanza ni kurudia: waliolingana wacheze tena, pambano moja moja, kwa muda mfupi. Wakiwa wawili ni rahisi. Wakiwa watatu, wawili wanaanza kwa kura na mshindi anakutana na aliyesubiri, ingawa aliyesubiri ana nafuu kwa kuwa anahitaji ushindi mmoja tu, kwa hiyo nafasi ya kusubiri ipatikane kwa kura mbele ya wote. Kama giza limeingia, rudieni kesho yake, na zawadi ikae kwa mtu asiyehusika. Msimwache mbuzi kwa mmoja wa waliolingana "kwa muda".

Ya pili ni kugawana. Kwenye sataranji ni kawaida kuunganisha zawadi za fedha za nafasi zinazogombewa na kuzigawa sawa. Tuseme wa pili alikuwa apate shilingi 20,000 na wa tatu 10,000, na waliolingana ni watatu. Jumla ni 30,000, kila mmoja anachukua 10,000. Hata yule ambaye angekuwa wa nne anapata, na ni haki, kwa sababu hakuna aliyethibitisha kuwa yuko chini ya mwenzake.

Kitu kisichogawanyika kina dawa zake. Kama waliolingana ni wawili na zawadi ni vitu vingi vidogo, mmoja avigawe mafungu mawili na mwingine awe wa kwanza kuchagua fungu. Anayegawa atagawa kwa haki kwa sababu hajui atabakiziwa lipi. Kwa mbuzi mmoja, mmoja ataje bei ya mnyama na mwingine achague: amchukue na kumpa mwenzake nusu ya bei hiyo, au amwache na kupokea nusu. Na kama ni kuchagua kwa zamu, kama wale wa karata adimu, aliyepata zamu ya pili kwa kura achukue viwili mfululizo, kisha zamu irudi kwa wa kwanza. Hilo hupunguza machungu ya kutangulia.

Ya tatu ni kura, na mimi naiweka mwisho kwa sababu watu wamekuja kucheza, hawakuja kubahatisha. Lakini kura iliyo wazi ni bora kuliko hukumu yenye harufu. Vikaratasi viwe vya ukubwa mmoja, kutoka ukurasa mmoja wa daftari, vikunjwe sawa na mtu mmoja asiyehusika, vichanganywe kwenye kofia na mtu mwingine, na kila mgombea achukue chake kwa mkono wake. Vifunguliwe kwa pamoja.

Kuna njia ya nne ambayo huwa nawashauri wakishindwana kabisa kwenye hizo tatu. Tafuteni mzee au mwalimu ambaye hakuwepo na hajasikia matokeo. Msimtajie jina hata moja. Mwambieni tu: wachezaji wanane, raundi tatu, watatu wamelingana, utumike uzito wa wapinzani au matokeo ya michezo midogo? Achague bila kujua anamchagua nani. Sheria itakuwa imechelewa, lakini haitakuwa imependelea.

Kupeana pointi

Jambo moja linalozua sare za bandia ni watu wawili kukubaliana. Raundi ya mwisho wanajua sare itawatosha wote kumzidi wa tatu, basi wanasogeza vizibo huku na kule hadi muda uishe. Mwaka 1982 nchini Hispania, Ujerumani Magharibi waliifunga Austria 1-0 mapema, halafu timu zote mbili zikaacha kushambulia kwa sababu matokeo hayo yalizipitisha pamoja. Algeria, waliokuwa wamemaliza mechi zao siku moja kabla, wakatolewa kwa tofauti ya mabao. Tangu Kombe la Dunia lililofuata, mechi za mwisho za kundi huchezwa saa moja.

Kijijini fanyeni vivyo hivyo: mapambano ya raundi ya mwisho yaanze pamoja, hata kama mbao za drafti ni chache na itabidi kuazima kijiji cha jirani. Na kwa mchezo ambao sare ni rahisi, semeni mapema kwamba sare haipo: muda ukiisha, mwenye kete nyingi ubaoni ameshinda, zikilingana mnaongeza mchezo mmoja wa haraka.

Maneno ya kusoma kabla ya kuanza

Mwandaaji anaweza kunakili maneno haya kwenye simu, akayasoma kwa sauti na kuyatuma kwenye kundi la WhatsApp la washiriki kabla ya raundi ya kwanza:

"Tunacheza raundi tatu. Ushindi pointi tatu, sare moja. Waliolingana wakiwa wawili na walikutana, aliyeshinda siku hiyo yuko juu. Vinginevyo tutaangalia uzito wa wapinzani, kisha michezo midogo. Ikishindikana watarudia pambano moja, na muda ukiwa umeisha zawadi za fedha zitagawanywa sawa na zawadi isiyogawanyika itapigiwa kura. Matokeo yanaandikwa kila pambano linapoisha na wachezaji wote wawili wanaweka sahihi. Mwenye malalamiko aseme kabla raundi inayofuata haijaanza."

Sahihi zile msizidharau. Ugomvi mwingi unaoitwa wa kuvunja sare, ukiuchimba, unakuta ni wa kumbukumbu: huyu anasema alishinda mbili bila, mwenzake anasema ilikuwa mbili kwa moja, na daftari halina kitu. Pigeni picha ya ukurasa kila raundi inapoisha na kuituma kwenye kundi hapohapo. Pasipo na mtandao, picha ibaki kwenye simu mbili tofauti, na moja iwe ya mtu asiyecheza.